Namba ya Chini

Kapata, Jumapili, baada ya misa

Mwanangu Tshibangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa mpira, na najua hutarudi mpaka njaa ikurudishe. Mama yako anakaanga samaki wa safari. Amenifukuza jikoni mara mbili kwa sababu nilikuwa nasimama pale kama mtu aliyesahau alichokuja kutafuta. Basi nimekaa mlangoni na kalamu yako ya shule, ile uliyoiacha kwa sababu inavuja, na vidole vyangu vimeshakuwa vya buluu. Barua hii utaikuta juu ya sanduku lako. Naomba uisome leo hii hii, kabla ya treni ya kesho asubuhi. Sababu utaiona mwishoni.

Mambo ya kufua mashati na kula kwa wakati sitayaandika. Mama yako ameyasema tangu Jumatano, na nafikiri hata majirani wa safu ya pili wameshayashika kwa moyo. Mimi nina jambo moja tu. Linahusu mashine, na linamhusu baba yako wa ubatizo, tata Kasongo. Nitalizunguka kidogo kabla ya kulifikia, kwa maana naogopa. Ndiyo, baba yako anaogopa. Cheka upesi, halafu tuendelee.

Siku barua ya kazi ilipofika kutoka Dilolo ulitusomea kwa sauti ya padri. Depo ya stesheni, ulisoma, ina elevatere tatu, yaani hizi mashine zetu za kunyanyua mizigo zenye meno mawili mbele, ambazo wenzetu wa Rodezia wanaziita foklifti. Kuna ndogo ya betri, kuna ya kati ya petroli yenye magurudumu ya mpira mgumu, na kuna kubwa ya tani tano yenye magurudumu ya upepo. Siku ya kwanza dereva mpya anaonyeshwa mzigo, na anaachiwa achague mwenyewe mashine ya kuunyanyulia. Hukungoja hata kukunja karatasi. Ukasema: "Mi nitakamata ile ya tani tano! Bataniona!" Mama yako akapiga vigelegele. Mimi nikatoka nje, nikasimama karibu na bomba la maji, nawe ukafikiri nimehuzunika kwa sababu unaondoka. Hapana. Nilikuwa nimesikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kinywani mwako.

Wewe umekua ukiziona mashine hizi kila siku, kama unavyoziona baiskeli. Sisi hatukukua hivyo. Nilipoanza kazi hapa Kolwezi, mzigo ulikuwa ni migongo ya watu. Sanduku la tani moja lilikula asubuhi nzima: watu ishirini, magogo ya kuviringishia, kamba, mtu mmoja wa kuimba na wengine wa kuitikia. Jioni kila mmoja alirudi nyumbani akitembea kama mzee wa miaka themanini. Halafu siku moja treni ikaleta mashine ya kwanza ya magazini yetu, yaani ghala la kampuni, imefungwa mbao pande zote. Tuliishusha kwa magogo na kamba zile zile. Yaani mashine ya kubeba ilikuja imebebwa, na Kasongo alilicheka jambo hilo wiki nzima.

Wewe unamkumbuka Kasongo kwa macho ya mtoto tu, kwa hiyo nikueleze alivyokuwa. Alikuwa mtu wa kaskazini, wa upande wa Kabongo, na mimi mtu wa Kasai. Hapa watu wengine wanapenda kukumbushana kila mmoja ametoka wapi. Sisi hatukupata nafasi ya mambo hayo. Tuliandikwa kazi wiki ile ile, tukapewa nyumba zinazoshirikiana ukuta hapa Kapata, na ukikohoa kwako yeye anauliza kwake kama umekunywa dawa. Mwili wake ulijaza mlango. Hakuwa na mtoto, yeye na mkewe mama Euzebia, na siku ya ubatizo wako alikushika kwa mikono miwili kama anayepokea kitu cha kuvunjika. Kusoma hakujua hata herufi moja.

Basi fundi mmoja, Mzungu, akaiwasha mashine. Ikakohoa, ikatoa moshi, ikanyamaza, ikakohoa tena. Tukaanza kutazamana. Halafu meno yakaingia chini ya sanduku la misumari ambalo jana yake tulikuwa tumeliachia jasho letu, na sanduku likaondoka chini. Taratibu, bila kelele ya watu, bila wimbo. Likafika magotini petu, likafika vifuani, likapita vichwa vyetu, likasimama kule juu, nasi tumeinua nyuso tunatazama upande wake wa chini. Kasongo akavua kofia kama tuko kanisani. Mwisho akasema: "Weee, tata! Huyu mama hana mugongo ya kumuuma." Tangu siku hiyo mashine ile iliitwa Mama Meno.

Nakwambia kweli, mshangao ule haujanitoka. Nimeendesha elevatere miaka hii yote, na kila nikivuta mkono wa kunyanyulia, kitu ndani yangu bado kinavua kofia. Nikiona mabamba ya shaba yamepangwa, mekundu, hayafiki hata kiunoni, na najua kwamba yana uzito kuliko watu wote wa safu yetu hii ya nyumba tukipandishwa mizani pamoja na mama zetu wakubwa, nabaki kinywa wazi. Kama siku moja utaacha kushangaa, mwanangu, shuka kwenye kiti na umpe mwingine ufunguo.

Walitafuta dereva, na walitaka mtu anayejua kusoma. Nilikuwa nimesoma kwa mapadri mpaka darasa la nne. Nikachaguliwa. Siku ile nilirudi nyumbani kwa njia ndefu, nipite mbele ya nyumba nyingi iwezekanavyo. Karibu na usukani wa Mama Meno palikuwa na kibao kidogo cha chuma chenye maandishi ya Kifaransa na namba mbili. Ya juu ilikuwa 2000, na pembeni yake herufi za kilo. Ya chini ilikuwa 500, na mbele yake maneno marefu yaliyokuwa yamechubuka nusu. Niliwasomea wenzangu ile ya juu kwa sauti, nikawaeleza kwamba Mama Meno anabeba kilo elfu mbili, wakaitikia kwa heshima. Ile ya chini mtu mmoja akaniuliza. Nikamjibu ni namba ya kiwanda tu. Sikujua. Nilibuni jibu pale pale, kwa sababu mtu anayejua kusoma hawezi kusema mbele ya watu ishirini kwamba hajui.

Sasa nikueleze desturi yetu moja. Usiicheke, kwa maana huenda hata Dilolo utaikuta. Mzigo ukiwa mzito kidogo, mkia wa mashine ulianza kuwa mwepesi. Usukani wa elevatere unageuza magurudumu ya nyuma, kwa hiyo mkia ukiwa mwepesi mashine haikusikii tena, unageuza huku na yenyewe inakwenda kule. Dawa tuliyoivumbua ilikuwa kuita watu. Nilipiga kelele: "Kilo! Batu ba kilo, mukuye!" Na watu wanene wa magazini walikuja mbio wakicheka, wakapanda nyuma na kukaa juu ya mkia, mmoja, wawili, watatu, kutegemea mzigo. Ilikuwa heshima kuitwa mtu wa kilo. Wembamba walisikia wivu. Kasongo alikuwa kilo wa kwanza, na akishakaa pale alipunga mkono kwa watu kama yuko kwenye gari la askofu. Wakubwa walipita, wakaona, wakacheka nao. Na mimi niliyevumbua mchezo ule nilijiona mtu wa akili sana.

Sasa nimefika.

Lilikuja sanduku la pampu. Refu, mita mbili kamili, limelala ndani ya behewa kichwa chake kikitutazama, na pande zake zimebanwa na mizigo mingine. Ubavuni waliandika uzito kwa rangi nyeusi: kilo 1800. Nikatazama kibao, nikatazama sanduku, hesabu ikawa rahisi. Kasongo alikuwa amesimama mlangoni mwa behewa. Alilitazama lile sanduku kwa muda, akaweka mkono juu yake, akatembea kutoka kichwani mpaka miguuni mwake na kurudi. Kisha akaja karibu yangu, akasema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie:

"Baba Tshibangu, hii kisanduku iko murefu sana. Tungoje ile mashini kubwa ya ku atelie."

Karakana ilikuwa na elevatere ya tani tano. Ingekuja saa nane mchana. Tulikuwa saa nne asubuhi. Saa nne tu za kungoja, mwanangu, na mimi nilimjibu kwa sauti ya juu ili wengine wasikie:

"Kibao iko inasema elfu mbili. Sanduku iko elfu moja na mia munane. Ni weye ao ni miye njo anajua kusoma?"

Watu wakacheka. Kasongo akatazama viatu vyake.

"Njo weye," akasema.

Nikaingiza meno chini ya kichwa cha sanduku, nikavuta mkono wa kunyanyulia. Sanduku likakaa vile vile, mkia wangu ndio ukainuka. Nikaita: "Kilo!" Wakaja watatu. Yeye ambaye dakika moja nyuma nilimwaibisha ndiye aliyefika wa kwanza. Wakakaa, mkia ukashuka, sanduku likanyanyuka, watu wakashangilia. Nikaanza kurudi nyuma polepole. Tulikuwa tumeshatoka kwenye behewa, tunavuka reli ya pembeni, gurudumu moja la mbele likaingia kwenye mwanya wa reli. Shimo lenyewe halikuzidi kina cha vidole vitatu. Sanduku likainama mbele, mkia ukaruka juu na watu wangu watatu. Wawili waliruka mbali wakaangukia mchanga. Kasongo aliteleza ubavuni, karibu na gurudumu. Hapo sanduku likachomoka kwenye meno, likaanguka mbele, na mkia, ambao haukuwa na kitu cha kuuzuia tena, ukarudi chini na chuma chake chote. Mguu wake wa kushoto ulikuwa pale.

Sitaandika sauti yake. Naisikia na hiyo inatosha.

Siku ya tatu mkubwa wa magazini alikwenda hospitali na karani wake, na mimi nikaitwa. Mguu ulikuwa umeshakatwa juu ya goti. Mkubwa akauliza kwa Kifaransa, karani akageuza kwa Kiswahili: nani alimwita apande? Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Nilifungua kinywa, naapa kwamba nilikifungua. Kasongo akaniwahi.

"Hakuna mutu aliniita. Mi mwenyewe nilipanda. Nilikuwa nacheza tu."

Karani akaandika. Mkubwa akanigeukia mimi. "Njo vile?" akauliza karani kwa niaba yake.

"Njo vile," nikasema.

Maneno mawili. Walipotoka nilipiga magoti pembeni ya kitanda, na Kasongo akanikemea kama mtoto. "Simama. Miye na mama Euzebia tuko babili tu. Weye uko na huyu mutoto, na masomo yake iko hapa. Bakikufukuza ku kazi, batakufukuza na mu nyumba." Alikuwa na homa, midomo imepasuka, na bado alikuwa anahesabu madarasa yako. Mimi nimeona Mama Meno akinyanyua tani mbili juu ya kichwa changu, lakini kitu kizito kuliko vyote nilivyowahi kuviona vikinyanyuliwa, nilikiona pale, kimenyanyuliwa na mtu aliyelala chali.

Kwa kuwa kosa liliandikwa ni lake, nyumba yao ilirudishwa kwa kampuni. Walihamia Mutshatsha kwa ndugu za mama Euzebia, na mpaka leo wanauza makaa pale karibu na stesheni. Ulikuwa na miaka kumi. Ulilia siku waliyopanda treni, ukauliza kwa nini, nami nikakwambia baba yako wa ubatizo alichezea mashine.

Wiki chache baadaye akaja fundi kunyoosha meno ya Mama Meno. Mzungu mzee, Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Nikamweleza kwa kujitetea kwamba mzigo haukufika elfu mbili. Akaweka kidole kwenye kibao, chini.

"Hii namba ya chini, weye nasoma?"

Nikamwambia nilidhani ni namba ya kiwanda. Hakunicheka. Ingekuwa afadhali angenicheka. Akachukua chaki akachora sakafuni: hapa meno yanaanzia, hapa katikati ya mzigo. Elfu mbili, akasema, ni kama katikati ya mzigo iko milimita mia tano kutoka kwenye kisigino cha meno, nusu mita tu. Ikienda mbali zaidi, elfu mbili haipo tena. Katikati ya sanduku langu ilikuwa mita nzima. Kwa umbali ule mashine yangu ya tani mbili ilikuwa imebaki mashine ya tani moja na robo, na hakuna kilo tatu wala kumi za kukaa mkiani ambazo zinageuza jambo hilo.

Sikuelewa vizuri mpaka nilipofika nyumbani. Na hapa kuna kosa dogo ninalotaka kulimaliza pia. Unakumbuka rula yako ya mbao iliyopotea, ukachapwa na mwalimu, ukaniuliza nami nikasema sijui? Niliichukua mimi. Wewe ulikuwa shuleni. Niliilaza juu ya penseli, nikaweka nati tatu upande mfupi ziwe mkia wa Mama Meno, na upande mrefu nati moja iwe mzigo. Rula ikatulia. Nikaisogeza ile nati moja mbele kidogo, kidogo tena. Sikuongeza kitu. Nati ni ile ile, hakuna mtu aliyeigusa zaidi ya mimi. Na ghafla zile tatu zikapanda juu.

Nilirudia labda mara thelathini. Nilikaa pale mezani, mtu mzima, dereva wa kwanza wa magazini, nimeinamia rula ya mtoto. Mzigo ni ule ule, na bado unazidi kuwa mzito kadiri unavyoushika mbali na wewe. Jambo kubwa namna ile lilikuwa limelala ndani ya penseli na kipande cha ubao tangu dunia iumbwe, na limeandikwa kwenye kibao mbele ya macho yangu kila siku, na mimi msomaji sikulisoma. Kasongo alilisoma. Kwa mkono tu, akitembea pembeni ya sanduku kutoka kichwani mpaka miguuni. Alikuwa anatafuta katikati yake. Bado sijui alijuaje.

Kwa hiyo kesho kutwa watakapokuonyesha mzigo pale Dilolo, naomba usitazame mashine kwanza. Najua ile kubwa itakuwa imeng'arishwa, na vijana watakuwa wanakutazama. Wewe nenda kwenye mzigo. Uweke mkono. Utembee pembeni yake kama alivyotembea yeye, ujue katikati yake iko wapi, maana mara nyingine uzito wote uko upande mmoja na sanduku halikwambii. Halafu ndipo ugeuke utafute ni mashine gani inaweza kufika karibu nayo. Huenda ikawa ndogo. Kama ni magunia ya unga ndani ya banda lililofungwa, ile ya betri itakuaibisha mbele ya wasichana lakini haitawapulizia moshi watu wala unga. Ya mpira mgumu inapenda saruji. Itoe nje kwenye udongo baada ya mvua utaona inavyochimba kaburi lake. Na kubwa ya tani tano nayo ina namba yake ya chini, usidhani ukubwa unaifuta. Tena ukinyanyua juu sana, nguvu inapungua njiani, mashine inayobeba kifuani si lazima ibebe juu ya kichwa. Ukikuta kibao kimechubuka, uliza. Uliza kwa sauti, mbele ya watu wote. Watacheka siku mbili. Mimi nilikataa kuchekwa siku mbili, na mwenzangu anatembea na gongo.

Na ukisikia mtu anaita watu wakae mkiani, zima mashine.

Nilipojua ukweli wa ile namba, ningeweza kwenda Mutshatsha. Ni nusu siku kwa treni. Sikwenda. Kila mwaka nilisema mwaka huu. Kasongo alituma gunia la makaa ulipopata komunyo ya kwanza, akatuma kuku ulipomaliza shule, na kila mara alituma neno moja: mutoto eko muzuri? Mama yako alituma sukari na sabuni. Mimi nilituma salamu. Yeye anajua nilimwita, alikuwepo. Asichojua ni kwamba alikuwa amesema kweli kuhusu sanduku. Mama Euzebia aliwahi kumwambia mama yako kwamba mume wake bado anajilaumu, anasema laiti angeruka mapema, wenzake wawili si waliruka? Miaka hii yote anatafuta kosa kwenye mguu wake, na kosa liko kwenye macho yangu.

Kisha ile siku, ulikuwa na miaka kumi na minne labda, mtoto wa jirani alianguka kutoka juu ya ukuta akijionyesha, nawe ukasema: "Huyu ni Kasongo kabisa!" Vijana wote wakaanguka kwa kicheko. Nilikuwa nimesimama hapa mlangoni nilipokaa sasa. Nami nikacheka, Tshibangu. Nilicheka pamoja nanyi. Katika yote niliyoandika, hilo ndilo ninaloona aibu nalo zaidi.

Mama yako nilimwambia Ijumaa. Aliosha sahani zote, hata zile safi. Halafu akauliza bila kunitazama: "Na ya Kasongo, nikaange samaki ngapi?" Ndiyo sababu utaona mezani vifurushi viwili. Kimoja ni chako. Kesho napanda treni pamoja nawe mpaka Mutshatsha, na pale nitashuka.

Usinione shujaa. Nimengoja mpaka wewe una kazi yako na huhitaji tena shule ya hapa, ndipo nikapata ujasiri. Nikirudi nitakwenda ofisini kwa mkubwa wa magazini kusema maneno yale yale. Kama watachukua nyumba hii, na waichukue. Nyumba ya upande wa pili wa ukuta huu waliichukua siku nyingi, na sikusema kitu.

Nimejaribu kupanga nitakavyomwambia, nimechafua karatasi tatu. Sasa nina haya tu: Kasongo, ni mimi niliyekuita, na ni wewe uliyesoma vizuri. Lile la kwanza analijua, lakini hajawahi kulisikia kutoka kinywani mwangu. Hilo la pili ni zawadi yake, nimeichelewesha.

Rula yako nimeiweka sandukuni, chini ya mashati. Penseli utatafuta mwenyewe.

Treni husimama Mutshatsha kwa muda, inakunywa maji. Utamwona kwa dirisha, anauza makaa karibu na mnara wa tangi, mtu mkubwa mwenye gongo. Shuka umsalimie, umwite tata kama mtoto anayemwita baba yake, halafu urudi kwenye nafasi yako na utuache. Treni itakapoanza kuondoka, tazama nyuma. Ukituona tumekaa wawili juu ya gunia moja, ule samaki wako kwa amani. Ukiniona nimesimama peke yangu, usishuke, mwanangu. Nimestahili kusimama, na wewe una mzigo unaokungoja Dilolo.

Baba yako